Bunduki ya kupiga wanyama wadogo kutoka mbali: kuichagua na kuiandaa

Swali la msomaji, kwa ufupi, ni hili. Yeye ni Mtanzania mwenye ukaazi wa kudumu Marekani, anaishi magharibi mwa jimbo la South Dakota, na jirani yake mfugaji amemwomba amsaidie kupunguza wale wanyama wa jamii ya kindi wanaochimba mashimo malishoni, ambao Wamarekani huwaita prairie dog. Anayo bunduki nyepesi ya .223 Remington (hilo ni jina la aina ya risasi inayotumia) yenye mtutu mwembamba. Risasi tatu za kwanza hukaa pamoja vizuri, lakini zikifika kumi hutawanyika. Dukani ameshauriwa anunue bunduki ya aina nyingine ya risasi, .22-250, pamoja na darubini yenye ukuzaji mkubwa kuliko zote. Anataka kufikia mita 400, na anauliza anunue nini, aiandae vipi, na kama aiuze ile ya zamani.

Ndugu msomaji, nitakujibu kwa kuanza na shabaha yenyewe, kwa sababu shabaha ndiyo inayoamua bunduki. Mnyama huyu akisimama wima mdomoni mwa shimo lake ana urefu wa sentimita 30 na zaidi kidogo, na uzito wa kilo moja hivi. Urefu huo usikudanganye, maana kinachokuhusu ni upana wa kifua, ambao ni kama sentimita 8. Walenga shabaha hupima mtawanyiko wa risasi kwa dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, na dakika moja ni sawa na sentimita 2.9 kwa mita 100, sentimita 8.7 kwa mita 300, na sentimita 11.6 kwa mita 400. Hapo utaona kwamba bunduki inayoweka risasi zake ndani ya dakika moja, ambayo mwindaji wa paa angeisifu sana, kwa mita 300 tayari imetumia upana wote wa mnyama kabla wewe hujakosea lolote na kabla upepo haujavuma. Kwa kazi yako unahitaji nusu dakika, na unaihitaji risasi baada ya risasi, si kwa zile tatu za kwanza peke yake.

Hilo la risasi tatu naomba nilisisitize, kwa sababu limewapotezea watu fedha nyingi. Ukipiga risasi tatu na kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, unapata picha nzuri kuliko hali halisi. Kwa bunduki ile ile na mpigaji yule yule, kundi la risasi 10 kwa wastani huwa kubwa zaidi ya mara moja na nusu ya kundi la risasi 3. Kwa hiyo huenda bunduki yako ya sasa ilikuwa na mtawanyiko huo tangu mwanzo, ila risasi tatu hazikutosha kuuonyesha. Huenda pia mtutu mwembamba unapopata joto unajipinda kidogo na kugusa kitako, yaani ule mwili wa mbao au plastiki unaobeba chuma. Kabla hujanunua kitu, fanya majaribio mawili. Kwanza, piga risasi 10 kwenye karatasi moja ukisubiri dakika mbili au tatu kati ya risasi na risasi ili mtutu upoe. Kisha, siku hiyo hiyo, piga nyingine 10 kwa mfululizo. Kundi la kwanza likiwa dogo na la pili kubwa, tatizo lako ni joto. Makundi yote mawili yakiwa makubwa, tatizo liko kwingine, na mtutu mzito peke yake hautakuponya.

Sasa tuje kwenye ushauri wa dukani. .22-250 ni risasi nzuri na ya siku nyingi. Ilitengenezwa kwanza na wahunzi wa bunduki kwa kubana ganda la risasi ya .250 Savage, na Remington wakaifanya bidhaa ya kiwandani mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya .223. Zote mbili hurusha kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, chenye kipenyo kile kile. Tofauti ni baruti: .223 huchoma greni 25 hivi (greni ni kipimo cha uzito, kama gramu 0.065), na .22-250 huchoma greni 35 hivi, ndiyo maana kichwa cha greni 50 hutoka kwenye .223 kwa kasi ya mita 1,000 hivi kwa sekunde na kwenye .22-250 kwa mita 1,160 hivi. Namba hiyo ya pili inavutia sana ikisomwa kwenye boksi.

Lakini tuipeleke malishoni. Chukua upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokata njia ya risasi kutoka ubavuni. Magharibi mwa South Dakota huo ni upepo wa siku ya kawaida kabisa. Kwa mita 300, kichwa cha kawaida cha .223 kitasukumwa pembeni sentimita 33 hivi, na cha .22-250 sentimita 28 hivi. Baruti yote ile ya ziada imekununulia sentimita 5. Ukikosea kuukadiria upepo kwa kilomita 5 tu kwa saa, kosa ambalo hata mpigaji mzoefu hulifanya mara nyingi kwa siku, umepoteza sentimita 10. Zaidi ya hapo, .223 ikipewa kichwa chembamba kinachopasua hewa vizuri, kama V-Max ya greni 53 ya kampuni ya Hornady, huikaribia sana ile .22-250 yenye kichwa cha kawaida cha greni 50, bila kuongeza hata chembe ya baruti.

Gharama ya baruti hiyo ya ziada huonekana kwenye koo la mtutu, pale kichwa kinapoanza kuingia kwenye mifuo, ile mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha. Koo ndilo linaloungua, na usahihi hufa pamoja nalo. Windo lako si la risasi moja kwa siku. Asubuhi njema kwenye eneo lenye mashimo mengi unaweza kupiga risasi mia na zaidi. Kwa mwendo huo, mtutu wa .22-250 usiopewa nafasi ya kupoa unaweza kuchoka ndani ya misimu michache, ilhali wa .223 hudumu muda mrefu zaidi, na risasi zake ni rahisi kupatikana na za bei nafuu kuliko karibu zote za aina yake. Nafuu hiyo ni mazoezi, na mazoezi ndiyo yatakayokufundisha upepo. Ushauri wangu kwako ni .223 yenye mtutu mzito. .204 Ruger ya mwaka 2004 nayo ni chaguo la heshima, yenye mwendo ulionyooka na teke dogo kiasi kwamba unaiona risasi yako ikitua. Lakini aina za vichwa vyake ni chache, nami nisingeichagua kuwa bunduki ya kwanza ya kazi hii.

Katika kuchagua, soma msokoto wa mifuo kabla ya kusoma kitu kingine. Bunduki nyingi za zamani za .223 za kupigia wanyama wadogo zina msokoto wa mzunguko mmoja kila inchi 12, ambao unatosha vichwa vifupi vya greni 40 hadi 55. Siku hizi inapatikana misokoto ya inchi 9 na inchi 8, ambayo hutuliza vichwa vyepesi na pia vile virefu vya greni 69 na kupanda. Chukua 8 au 9. Mtutu wa sentimita 60 hadi 66 unatosha. Kati ya bunduki za kiwandani ninazoziamini ziko Tikka T3x Varmint inayotengenezwa Finland, Howa 1500 ya Japani yenye mtutu mzito, na zile za Savage zenye mtutu mzito, ambazo zina faida ya mtutu kubadilishwa bila gharama kubwa. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya bunduki iliyoandaliwa na isiyoandaliwa, na maandalizi ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu.

Anza chini, kwenye kitako. Mtutu unapaswa kuelea, usiguse kitako mahali popote kuanzia mbele ya chumba cha risasi hadi ncha ya kitako. Chukua karatasi ya kawaida, ikunje mara mbili, ipitishe chini ya mtutu kutoka mbele na uivute taratibu kuelekea kwenye chumba. Ikipita yote bila kukwama, vizuri. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: iweke bunduki juu ya mfuko wa mchanga kama utakavyopiga, egemea kidogo kama utakavyoegemea, halafu rudia karatasi ile. Vitako vingi vya plastiki laini hupinda vikiegemewa, na bunduki iliyoelea mezani hugusa mtutu uwanjani. Nimewahi kutumia siku mbili nikitafuta ugonjwa wa bunduki ya rafiki yangu, kumbe kitako kilikuwa kinainuka na kuubusu mtutu kila alipoiegemea bunduki juu ya ile miguu miwili ya kuisimamishia kwa mbele.

Kinachofuata ni namna chuma kinavyokaa ndani ya kitako. Chuma kikichezacheza hata kwa unene wa unywele, kila risasi hukiacha mahali papya. Tiba yake ni kukilaza kwenye gundi ya epoksi, ikiwezekana pamoja na nguzo fupi za alumini zinazozunguka skrubu, ili ukikaza skrubu usiwe unabana mbao au plastiki bali chuma juu ya chuma. Kazi hii unaweza kupewa na fundi kwa malipo ya wastani, na mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kubadili bunduki. Skrubu zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, kwa kiasi alichokiandika mtengenezaji, na ukiandike ndani ya daftari lako. Mkono hauna kipimo. Skrubu iliyokazwa kwa hisia asubuhi ya baridi si ile iliyokazwa kwa hisia mchana.

Kifyatulio kiwe chepesi na safi, kikatike bila kuburuzika. Kati ya gramu 700 na kilo moja na robo pananitosha kwa kupiga nikiwa nimelala au mezani. Kizito mno hukufanya uivute bunduki nzima ya kilo nne ili utoe risasi moja. Chepesi kupita kiasi ni hatari, hasa kwenye baridi unapokuwa na vidole visivyohisi. Baada ya kukirekebisha, hakikisha kwa macho yako kwamba bunduki ni tupu, funga komeo la chumba cha risasi, kisha gonga kitako chini mara kadhaa na ufungue na kufunga usalama mara nyingi. Kifyatulio kikijiachia hata mara moja, bunduki hiyo iende kwa fundi kabla haijatiwa risasi.

Darubini ndipo ninapotofautiana zaidi na duka lako. Ukuzaji mkubwa haukuonyeshi mnyama peke yake. Hukuza pia mapigo ya moyo wako na hukuza mazigazi, yale mawimbi ya hewa ya joto yanayochemka juu ya majani kuanzia saa nne asubuhi. Kwenye mara 25 mchana wa Julai utamwona mnyama akiogelea kama yuko chini ya maji, wakati kwenye mara 14 angeonekana vizuri. Darubini ya mara 4 hadi 16, au 5 hadi 25 ambayo muda mwingi utaiacha chini ya 16, inatosha. Kilicho muhimu kuliko ukuzaji ni mambo mawili: kirekebisha umbali cha pembeni, kinachozuia msalaba wa kulengea usihame juu ya shabaha unaposogeza jicho, na vifundo vya kusogezea msalaba huo vinavyohama kwa kiasi kile kile vinachodai. Kwa kuwa wewe umesoma kwa mita na sentimita, nunua darubini ya miliradiani, kipimo cha pembe kilicho sawa na sentimita 10 kwa mita 100, si ya dakika. Mlio mmoja wa kifundo, yaani sehemu ya kumi ya miliradiani, ni sentimita 1 kwa mita 100, sentimita 3 kwa mita 300, sentimita 4 kwa mita 400, na hesabu hiyo utaifanya kichwani bila karatasi.

Pete za kushikia darubini watu hununua kwa sarafu zilizobaki, na kamba hukatikia pabovu. Futa mafuta kwenye skrubu zote za msingi, kaza kwa kipimo, niutoni-mita 2 hivi kwa kofia za pete isipokuwa mtengenezaji amesema vingine, na hakikisha msalaba umesimama wima. Ning'iniza uzi wenye uzito mita kadhaa mbele, weka bunduki sawa, na uulinganishe mstari wa wima wa msalaba na uzi huo. Msalaba ulioinama hautakudhuru kwa mita 100, lakini kila unapopandisha kifundo kwa ajili ya mita 400 utakuwa unasogea pia pembeni bila kujua, nawe utaulaumu upepo.

Kisha jaribu vifundo vyenyewe. Bandika karatasi ndefu mita 100, chora mstari wa wima kwa kutumia uzi ule ule, piga risasi chache kwenye ncha ya chini ya mstari, pandisha miliradiani 5, piga tena ukilenga pale pale pa mwanzo. Kundi la pili linapaswa kuwa sentimita 50 juu ya la kwanza, na bado kwenye mstari ule ule. Likiwa sentimita 48, darubini yako inasema uongo wa asilimia 4, jambo unaloweza kuishi nalo ukilijua. Rudisha kifundo, piga tena. Lisiporudi mahali pa mwanzo, rudisha darubini dukani.

Weka sifuri mita 200, yaani rekebisha darubini ili kwa umbali huo risasi itue pale pale unapolenga. Kwa .223 yenye kichwa nilichokitaja, risasi itashuka takriban sentimita 20 ikifika mita 300 na zaidi ya sentimita 60 ikifika 400, yaani milio kama 7 na kama 15 au 16. Usizichukue namba hizi kuwa zako. Zithibitishe kwa kupiga kwenye ubao kwa kila umbali, maana kasi ya bunduki yako si ya bunduki yangu. Mashine ya kupimia umbali kwa leza ni ya lazima. Kati ya mita 350 na 400 risasi hushuka sentimita 20 na ushei, na hakuna jicho linaloweza kutofautisha umbali huo kwenye nyasi zisizo na mti wala nyumba.

Risasi za kiwandani nunua aina nne au tano, boksi moja moja, zote zenye vichwa vinavyovunjika haraka, kisha piga kundi la 10 kwa kila aina na uache bunduki yenyewe ichague. Ukishapata inayoikubali, nunua nyingi za toleo moja. Baadaye, ukitaka kujaza maganda mwenyewe, fuata kitabu cha mtengenezaji wa baruti neno kwa neno. Vichwa vinavyovunjika vina faida ya usalama, kwa kuwa huelekea kupasuka vinapogusa ardhi badala ya kuruka mbele, lakini hilo halikuondolei wajibu wa kuwa na kilima au mteremko nyuma ya kila shabaha. Ng'ombe wa jirani yako wako upande mwingine wa upeo ule.

Uwanjani, mfuko wa mchanga mbele na mdogo nyuma chini ya kitako vitakupa utulivu kuliko miguu miwili ya bunduki peke yake. Upepo usome kwa nyasi zilizo karibu nawe, kwa nyasi za katikati, na kwa mazigazi ndani ya darubini: yakipanda wima hewa imetulia, yakilala upande mmoja upepo unavuma huko. Kinyamkera akipita katikati ya malisho, subiri. Gusa mtutu kila baada ya risasi kumi. Usipoweza kuacha vidole juu yake kwa sekunde tano, fungua komeo, uache upoe. Na mita 400 usianze nazo. Piga kwa umbali ambao risasi yako ya kwanza ina uhakika, iwe 200 mwanzoni, usogee kadiri daftari linavyokuruhusu; mnyama aliyejeruhiwa huingia shimoni na kufa huko polepole, na hilo si jambo la kulifanyia majaribio.

Kuhusu sheria, ukaazi wako wa kudumu unakuruhusu kumiliki bunduki. Ndugu zetu walio huko kwa viza za muda, kama za masomo, kwa kawaida wamekatazwa na sheria ya nchi nzima, isipokuwa kwa ruhusa maalumu kama leseni ya uwindaji, nao waulize kabla ya kuishika. Pata leseni na kanuni za mwaka huu kutoka idara ya wanyamapori ya jimbo. Usidhani kila eneo la umma liko wazi. Kwenye nyika ya taifa ya Buffalo Gap, bonde la Conata limefungwa kwa ajili ya vicheche wenye miguu myeusi, wanaoishi kwa kula hawa kindi na ambao walidhaniwa wametoweka kabisa hadi mwaka 1981, mbwa wa shamba moja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipomletea bwana wake mmoja aliyekufa. Angalia pia bundi wadogo wanaokaa kwenye mashimo hayo hayo; husimama wima mdomoni mwa shimo kama wenyeji, na sheria ya mwaka 1918 ya ndege wahamao inawalinda. Mashaka yakikuingia, usipige. Mizoga usiishike kwa mikono mitupu, kwa sababu viroboto wake wanaweza kubeba tauni. Nakuomba pia uvijaribu vichwa visivyo na madini ya risasi (lead), kwani tai na vipanga hula mizoga hiyo pamoja na vipande vya madini hayo vilivyobaki ndani.

Bunduki yako ya zamani usiiuze. Ipeleke ikalazwe kwenye epoksi na mtutu wake uachwe uelee, uirudie ile karatasi ya risasi 10 za polepole, na ikifika dakika moja au chini yake, ibebe pamoja na ile mpya. Zote ni .223, zitakula risasi za boksi moja, na wakati mtutu mzito unapoa kivulini utaendelea na hiyo nyepesi kwa wanyama walio ndani ya mita 150.